Anayeanza ubao wa theluji asichague mlima kwa jina

Na Mwandishi Wetu

MJI wa Aspen, uliopo katika jimbo la Colorado nchini Marekani, una milima minne ya kuteleza kwenye theluji, na tiketi moja humruhusu mtu kuitumia yote. Mlima unaouinamia mji, Aspen Mountain, ndio wenye jina kubwa kuliko mingine, lakini hauna hata njia moja iliyotengwa kwa ajili ya wanaoanza. Mwendo wa dakika chache kwa basi upo Buttermilk, mlima mdogo wenye miteremko mipana isiyo mikali, ambako mtu ambaye hajawahi kusimama juu ya ubao anaweza kujifunza bila hofu.

Mgeni asiyeijua tofauti hiyo huweza kulipa fedha nyingi, akapoteza siku nzima, na kurudi nyumbani akiapa kutougusa tena mchezo huo.

Matangazo ya vituo vya theluji husifia urefu wa mlima na wingi wa njia zake. Sifa hizo ni za wazoefu. Mwanafunzi wa siku ya kwanza hatafika kileleni. Atashinda chini kabisa, katika eneo dogo la mafunzo, na eneo hilo ndilo analopaswa kuliulizia kabla ya kulipa nauli. Linatakiwa liwe pana, lenye mwinamo mdogo, liishie mahali tambarare ili ubao usimame wenyewe, na lisiwe njia ya mkato ya wazoefu wanaoshuka kwa kasi kutoka juu.

Ubao wa theluji una matatizo yake ambayo watumiaji wa skii hawayajui. Mwenye skii huvaa moja kila mguu na hushika fimbo mbili za kujisukumia. Mwenye ubao hufungwa miguu yote miwili juu ya ubao mmoja, mwili ukiwa umeelekea ubavuni, na mikononi hana kitu. Akifika mahali tambarare husimama, na hana budi kufungua mguu mmoja na kujisukuma kama mtoto mwenye baiskeli isiyo na pedali. Kituo chenye njia ndefu za tambarare zinazounganisha mteremko mmoja na mwingine ni adhabu kwake, hata kama ramani inazionyesha njia hizo kuwa nyepesi.

La pili ni chombo cha kumpandisha. Kilicho rahisi kuliko vyote ni mkanda unaotembea, mfano wa ule wa kubebea mizigo katika viwanja vya ndege. Mtu husimama juu yake tu, ubao mkononi au mguuni. Lifti ya viti ni ngumu kidogo, kwa kuwa anayeshuka huteleza mguu mmoja ukiwa umefunguliwa, na wengi huangukia hapo hapo. Lifti ya kuburuta, ambayo humvuta mtu kwa kijiti, ilibuniwa kwa ajili ya skii zinazotazama mbele, na humtesa anayesimama kiubavu. Kituo ambacho njia za wanaoanza zinafikiwa kwa lifti hizo pekee ni afadhali kukiacha.

Theluji yenyewe nayo hutofautiana. Katika majimbo ya mashariki mwa Marekani, kama Vermont, theluji huyeyuka na kuganda tena mara kwa mara hadi kuwa ngumu kama sakafu. Anayejifunza huanguka mara nyingi, na mkono unaotangulizwa kuzuia anguko ndio unaoumia: majeraha ya vifundo vya mikono ni ya kawaida sana kwa wanaoanza. Niseko, katika kisiwa cha Hokkaido nchini Japani, husifika kwa theluji nyingi na laini. Popote aendapo, mwanafunzi avae kofia ngumu na vikinga vya vifundo.

Rangi za njia pia zinaweza kupotosha. Marekani, duara la kijani humaanisha njia nyepesi, lakini kila kituo hujipangia chenyewe, hivyo kijani cha mlima mmoja chaweza kuwa kikali kuliko cha mwingine. Ufaransa nako kijani ndiyo nyepesi kabisa, ilhali Austria na Italia kwa kawaida huanzia buluu.

Lipo pia swali ambalo wengi hawafikirii kuliuliza: je, ubao unaruhusiwa? Stratton, huko Vermont, kilikuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya kwanza kuufungulia mlango, mwaka 1983. Aspen Mountain ilisubiri hadi 2001, na Taos ya New Mexico hadi 2008. Alta na Deer Valley katika jimbo la Utah, pamoja na Mad River Glen ya Vermont, bado ni vya skii pekee.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, si lazima safari ianzie huko mbali. Afriski, katika milima ya Maluti nchini Lesotho, ipo zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari na hufanya kazi kati ya Juni na Agosti, ikisaidiwa na mashine za kutengeneza theluji. Anayetoka Dar es Salaam au Mombasa atarajie kuhema siku ya kwanza.

Ski Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2005 ndani ya jengo la maduka la Mall of the Emirates, haina tatizo hilo. Njia yake ndefu kuliko zote ni ya mita 400 hivi, na jaketi, suruali, viatu na ubao hutolewa pamoja na tiketi ya mteremko. Lakini asiyeweza kugeuka na kusimama haruhusiwi kupanda lifti ya kwenda juu. Huyo hutakiwa kuanza na mwalimu.