Kabichi ya nyumbani: Usipande zote siku moja

WAKULIMA wengi wa bustani za nyumbani hupata hasara ya kabichi ilhali zao lenyewe limestawi vizuri. Tatizo ni kwamba kabichi zote hukomaa wiki moja. Familia haiwezi kuzimaliza, jirani naye anazo, na mwenye genge akishajua hivyo hupanga bei anayotaka yeye. Zinazobaki shambani hupasuka na kuishia kwa ng'ombe.

Hali hiyo inajulikana sana katika maeneo ya baridi kama Lushoto mkoani Tanga, ambako kabichi hulimwa mashambani na pia kwenye vipande vidogo vya ardhi kando ya nyumba. Dawa yake ni mkulima kupanga tarehe za kusia mbegu kabla hajashika jembe.

Chukua mfano wa eneo la meta 3 kwa 6. Kwa nafasi ya sentimeta 60 kati ya mistari na 45 kati ya mche na mche, eneo hilo linabeba kabichi kama 65. Badala ya kusia mbegu zote kwa pamoja, mkulima anashauriwa kugawa kazi hiyo mara tatu, kila moja ikiachana na nyingine kwa wiki tatu. Kila awamu itatoa kabichi 20 au zaidi kidogo, kiasi ambacho nyumba inaweza kula na ziada ikauzwa bila haraka.

Kitalu na miche

Kabichi hupenda baridi ya wastani, nyuzi joto 15 hadi 20, na udongo wenye rutuba usiotuamisha maji. Copenhagen Market ni aina inayokomaa mapema na vichwa vyake ni vidogo, hivyo inafaa kwa matumizi ya nyumbani.

Mbegu zisiwe kwenye kina kirefu. Sentimeta moja inatosha. Kitalu kifunikwe kwa nyasi kavu, ambazo huondolewa mara miche inapochomoza. Baada ya wiki nne hadi sita, miche yenye majani manne au matano huwa tayari kuhamishwa. Kazi hiyo ifanyike jioni, na kila shimo liwekwe viganja viwili vya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Wiki tatu baada ya kuhamisha, kila mche upewe kifuniko kimoja cha soda cha mbolea ya CAN, kikizungushiwa mbali kidogo na shina. Kiasi hicho kirudiwe vichwa vinapoanza kufunga. Maji yasikatike. Kabichi iliyokaa kavu kwa muda mrefu kisha ikapata maji mengi ghafla, kichwa chake hupasuka.

Nondo wa kabichi

Adui mkubwa ni nondo mwenye alama zinazofanana na almasi mgongoni. Viwavi wake ni wadogo na wa kijani. Ukiwagusa hujinyonganyonga na kuning'inia kwa uzi. Nondo huyu ni mwepisi wa kuzoea dawa, na tayari katika miaka ya 1950 alishaonyesha usugu dhidi ya DDT huko Java, Indonesia. Kwa hiyo kuongeza dozi au kupulizia kila siku si suluhisho.

Mwaka 2002, Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu (ICIPE) chenye makao yake Nairobi kiliachia nyigu wadogo kutoka Taiwan katika milima ya Taita nchini Kenya. Nyigu hao hutaga mayai ndani ya viwavi wa nondo huyo na kuwaua. Lakini dawa kali zinazoua kila mdudu huwaua hata hao wasaidizi.

Mwenye kabichi 65 ana nafasi ambayo mwenye ekari tano hana: anaweza kuzikagua zote kwa mkono. Akigeuza majani mara mbili kwa wiki na kuponda viwavi na mayai, mara nyingi hatahitaji dawa. Ikilazimu, maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa husaidia. Anayetumia dawa ya dukani asome kwenye kibandiko siku za kusubiri kabla ya kuvuna na kuziheshimu, maana mlaji wa kwanza ni mtoto wake mwenyewe.

Ugonjwa wa kuangalia sana ni uozo mweusi. Huanza na doa la njano lenye umbo la herufi V pembeni mwa jani, na mishipa ya jani huwa myeusi. Mche ulioathirika ung'olewe na kuchomwa, usitupwe kwenye mboji. Sehemu hiyo isipandwe kabichi, sukuma wiki wala figiri kwa miaka miwili au mitatu. Pandwe maharage, karoti au vitunguu.

Kuvuna na kuuza

Kabichi iliyokomaa huwa ngumu inapobonyezwa kwa kiganja. Ikatwe kwa kisu, na majani machache ya nje yaachwe yakikinge kichwa njiani. Shina lenye afya lililobaki na majani yake ya chini linaweza kuchipua vichwa vidogo vinavyofaa kwa mboga ya nyumbani.

Kabla ya kukata za kuuza, ni vizuri mkulima azungumze na mwenye genge, mama ntilie au shule ya jirani na kujua wanahitaji ngapi kwa wiki. Kabichi ikiwa bado shambani, mwenye nayo anaweza kukataa bei mbaya na kusubiri siku chache. Ikishakatwa, anayepanga bei ni mnunuzi.