Mayowe yakipigwa kijijini, askari atatoka wapi?

MSOMAJI, wewe uishiye Nairobi, Mombasa, Kisumu au Nakuru, huenda hupitishi wiki bila kulalamika kuhusu polisi. Unasema ni wachache, wanachelewa, na wakifika wanauliza maswali mengi kuliko msaada wanaotoa. Pengine una haki. Lakini angalau unajua kituo kiko wapi. Ni safari ya matatu moja kutoka kwako, na usiku ukisikia kishindo mlangoni unaweza kupiga 999 au 112 ukiwa na tumaini, japo dogo, kwamba kuna gari mahali fulani.

Sasa hebu wafikirie wale uliowaacha nyumbani. Mfikirie mama yako au nyanya yako, ambaye unamtumia pesa kila mwisho wa mwezi na ambaye kijiji kizima kinajua kwamba anatumiwa. Akivamiwa saa nane za usiku, atakayemfikia kwanza ni jirani mwenye rungu na tochi. Wa pili huenda akawa mzee wa kijiji, na wa tatu naibu wa chifu. Polisi mara nyingi hufika kukiwa kumekucha, kuandika yaliyotokea.

Kwa nini iwe hivyo? Wengi wetu tunalo jibu tayari: uzembe na hongo. Hayo yapo na hakuna atakayebisha. Hata hivyo, hata ungewatuma malaika wakawe askari kule mashinani, bado wangekwama, kwa sababu shida kubwa ni ya hesabu na ya mfuko.

Tuanze na hesabu. Viongozi wetu wanapozungumzia upungufu wa polisi hupenda kutaja kiwango kimoja, yaani askari mmoja kwa kila watu 450. Kipimo hicho kina kasoro moja kubwa. Kinahesabu vichwa, hakihesabu maili.

Chukua kaunti ya Marsabit. Katika sensa ya 2019 ilikuwa na watu 459,785. Ukifuata kiwango hicho, itahitaji askari wapatao 1,020, na mtu wa Nairobi ataona kwamba hao ni wengi ajabu. Lakini Marsabit ina ukubwa wa zaidi ya kilomita 66,000 mraba. Gawa mwenyewe na utaona kwamba kila askari atalinda kama kilomita 65 mraba peke yake. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 katika sensa hiyo hiyo, kwenye eneo lisilozidi kilomita 710 mraba. Kwa kiwango hicho hicho, kila kilomita moja mraba ya Nairobi itapata askari zaidi ya 13. Kwenye karatasi kaunti hizi mbili zimetendewa haki sawa.

Isitoshe, askari naye ni mtu. Hulala, huugua, huenda likizo, huitwa mahakamani kutoa ushahidi. Wiki ina saa 168. Ukitaka mtu mmoja tu awe macho kwenye meza ya kituo mchana na usiku bila kukatiza, unahitaji askari wanne au watano wa kupokezana. Kwa hivyo ukisikia kwamba kituo kidogo fulani kimepewa askari wanane, usidhani kwamba wanane watakimbia kuitikia mayowe. Walio zamu ni wawili. Mmoja hawezi kuondoka kwa sababu kuna kitabu cha matukio, kuna mahabusu ndani na kuna bunduki za kulindwa. Anayebaki ni mmoja, naye kwenda peke yake gizani kuwakabili watu asiowajua idadi ni kujitoa mhanga.

Zamani pengo hili lilizibwa na askari wa utawala, wale tuliozoea kuwaita AP. Historia yao ni ya kule kule mashambani. Sheria ya wazee wa vijiji ya 1902 iliwapa wazee hao vijana wa kuwasaidia kutuliza watu na kukusanya kodi. Mwaka 1929 wakawa polisi wa kikabila, na mwaka 1958 wakapewa jina la Administration Police. Wazazi wetu hawakuwapenda kila wakati, hasa wale waliopika chang'aa, lakini kambi yao ilikuwa kando ya ofisi ya chifu na kila mtoto aliijua njia ya kufika huko.

Septemba 2018 serikali ilitangaza mabadiliko makubwa. Zaidi ya AP 24,000 wa kazi za kawaida waliingizwa katika Kenya Police, na waliobaki wakapewa majukumu mengine, kama vile kulinda mipaka na majengo muhimu na kupambana na wezi wa mifugo. Nia ilikuwa nzuri, kwani vikosi viwili vilikuwa vikigongana katika eneo moja huku kila kimoja kikiwa na mkubwa wake. Lakini muda si muda machifu walianza kulia kwamba wameachwa wakiwa. Hatimaye kikabuniwa kitengo kingine cha AP, cha kuwasaidia machifu na maafisa wa utawala. Mtu wa kijijini aliyeyatazama yote hayo ana haki ya kuuliza kama kuna aliyemuuliza yeye kabla ya kubadilisha.

Na sasa tuje kwenye mfuko. Ni mara ngapi umesikia kwamba mtu alifika kituoni kuripoti wizi, akaambiwa gari halina mafuta? Aliye na pesa huombwa "asaidie". Asiye nazo hurudi nyumbani. Katika jambo hili, msomaji, mgawanyo wa madaraka ni muhimu kuuelewa, kwa maana wengi huwalaumu magavana bure.

Katiba ya 2010 inaiweka kazi ya polisi mikononi mwa serikali ya kitaifa. Gavana hana askari hata mmoja wa polisi, hawezi kumwajiri wala kumhamisha. Na kwa muda mrefu hata wakuu wa polisi wenyewe hawakushika pesa zao. Zilikuwa chini ya katibu katika wizara. Ilikuwa Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, ambapo Rais William Ruto alitia sahihi hati ya kumfanya Inspekta Jenerali kuwa msimamizi wa fedha za polisi. Hiyo ilikuwa hatua. Lakini kutoka meza ya Inspekta Jenerali hadi tangi la Land Rover kuukuu huko Loiyangalani au Kuria ni safari ndefu, na kila kituo cha njiani kina mkubwa ambaye naye ana gari. Pendekezo ambalo limekuwa likirudiwa ni kwamba kila kituo kipewe fungu lake na mkuu wake alitolee hesabu mwenyewe. Kwa maoni yangu hilo lingesaidia kuliko kununua magari mapya mia kwa sherehe na kuyapanga Uhuru Park yapigwe picha.

Majengo nayo yana kisa chake. Vituo vingi vidogo unavyoviona mashambani vilijengwa kwa pesa za mfuko wa maeneo bunge, ulioanzishwa mwaka 2003 na kutungiwa sheria mpya mwaka 2015. Wanakijiji hutoa kipande cha ardhi, mbunge huleta mawe na mabati, utepe hukatwa. Tatizo ni kwamba anayejenga siye anayeleta askari. Mbunge anaweza kumaliza jengo likapakwa rangi likang'aa, kisha likakaa likingojea watu, au likaletewa watu wasio na nyumba ya kulala. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria hiyo ya 2015 inakiuka Katiba, na ikauwekea mfuko huo kikomo cha Juni 30, 2026. Wengi walihofia karo za wanafunzi. Ni wachache waliokumbuka vituo vya polisi.

Na nyumba za askari? Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini kijana anayetoka chuoni Kiganjo huomba Mungu asipelekwe mbali. Kwa miaka mingi askari wetu wameishi katika vibanda vya duara vya mabati, vinavyochoma mchana na kugandisha usiku, au familia mbili zikigawana chumba kimoja kwa pazia. Jopo la Jaji Philip Ransley lililaumu hali hiyo mwaka 2009. Jopo la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililoteuliwa Desemba 2022, nalo likakuta mengi ya malalamiko yale yale. Askari asiye na mahali pa kumweka mkewe na watoto hutumia nusu ya akili yake kutafuta uhamisho.

Serikali ilipokosa watu wa kutosha kaskazini na Bonde la Ufa, njia rahisi ilikuwa kuwapa bunduki wenyeji. Polisi wa akiba walianzishwa mwaka 1948, wakati wa ukoloni, na baadaye wakawa ndio ngao ya vijiji vya wafugaji. Mchungaji alipewa bunduki aina ya Mark 4 au G3, akahesabiwa risasi, akaambiwa alinde jamii yake. Mshahara hakuwa nao. Sasa jiulize, mtu mwenye njaa na bunduki utamwambia nini? Baadhi walizitumia kulinda mali za matajiri, wengine wakaingia wenyewe katika uvamizi. Lakini wengi, na hili halisemwi vya kutosha, walilala nje na ng'ombe wa majirani zao miaka nenda miaka rudi bila senti moja.

Faida yao ilijulikana kwa uchungu. Alfajiri ya Julai 12, 2005, wavamizi walishambulia Turbi, kaunti ya leo ya Marsabit, wakaua zaidi ya watu 50, wakiwemo watoto wa shule zaidi ya 20. Msaada kutoka mjini Marsabit ulikuwa na zaidi ya kilomita 100 za barabara ya mawe na vumbi za kupita. Na Novemba 10, 2012, zaidi ya maafisa 40 wa usalama waliuawa katika bonde la Suguta karibu na Baragoi walipokuwa wakifuata mifugo iliyoibwa. Turbi inaonyesha yanayotokea msaada ukiwa mbali. Baragoi inaonyesha kwamba kuwatuma watu wengi siku moja mahali wasipopajua si badala ya askari wanaoishi hapo.

Aprili 2019 waziri wa usalama wa wakati huo, Dkt Fred Matiang'i, aliagiza bunduki za polisi wa akiba zirudishwe ili wachunguzwe upya. Vijiji vililalamika kwamba serikali imemnyang'anya mlinzi silaha na kumwachia mwizi yake. Baadaye zikarudishwa, na baada ya operesheni ya Kaskazini mwa Bonde la Ufa iliyoanza Februari 2023 serikali ikawaajiri polisi wa akiba wapya.

Kuna jamii zilizochoka kungoja. Wakuria, mwishoni mwa miaka ya 1990, walichukua sungusungu kutoka kwa ndugu zao wa Tanzania, ambako mtindo huo ulianza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wezi wa ng'ombe waliitwa mbele ya mkutano wa kijiji, wakatozwa faini. Wizi ulipungua. Viboko pia vilipigwa, na aliyesingiziwa hakuwa na wakili. Nyumba Kumi, iliyozinduliwa mwaka 2013, nayo ni ya kuazima Tanzania, lakini haina meno wala posho, na mijini wengi hawamjui hata mwenyekiti wao.

Usije ukadhani kwamba haya ni ya Kenya au ya umaskini peke yake. Jimbo la Alaska, Marekani, ni karibu mara tatu ya Kenya kwa ukubwa, na vijiji vyake vingi hufikiwa kwa ndege au mashua tu. Huko kuna maafisa wa usalama wa vijiji, ambao serikali ya jimbo hulipia lakini huajiriwa na mashirika ya wenyeji. Hadi mwaka 2014 hawakuruhusiwa hata kubeba bunduki. Mwaka 2012 walikuwa takriban 100. Kufikia 2019 hawakufika 50. Mwaka huo magazeti yalifichua kwamba kijiji kimoja kati ya kila vitatu hakikuwa na askari wa hapo, na mwanasheria mkuu wa Marekani akatangaza hali ya dharura. Unajua sababu mojawapo ya maafisa kuacha kazi? Hawakuwa na nyumba za kuishi.

Basi wewe wa mjini ufanye nini? Kwanza, Desemba ukienda nyumbani, pita kwenye kituo kilicho karibu na kwa wazazi. Andika nambari ya simu ya mkuu wa kituo na ya naibu wa chifu, uiweke ukutani kwa maandishi makubwa ambayo mama ataweza kuyasoma bila miwani. Uliza askari ni wangapi na wanalala wapi. Hilo si kosa, nao wengi watafurahi kuulizwa.

Pili, sheria ya polisi ya 2011 iliunda baraza la usalama katika kila kaunti, chini ya gavana, ambamo raia wana viti. Kwa miaka mingi lilibaki zaidi kwenye karatasi. Muulize mwakilishi wako wa wadi kama la kwenu limewahi kuketi. Nanyi wanafunzi mnaosomea sheria, uchumi au uandishi, makadirio ya matumizi ya serikali hufikishwa Bungeni kufikia Aprili 30 kila mwaka, kisha kamati husikiliza maoni ya umma. Fungua ukurasa wa polisi, utafute mafuta na nyumba, uhesabu ni kiasi gani kinachovuka jiji kuelekea kwenu.