Mpini mnene, mpini mwembamba: upi unaleta nguvu ya kushika?

Tangu likizo vijana wengi hapa Bendera wananiuliza swali moja: eti ni kweli mpini mnene unatia mkono nguvu? Swali limetoka pale kwenye vyuma vyetu, yale makopo mawili ya simenti yaliyounganishwa na tiyo. Kijana mmoja alizungushia tiyo mpira wa ndani wa kinga mpaka ikanenepa, na watu waliozoea kuinua ule mzigo kama mchezo wakashindwa hata kuutoa chini. Akafurahi sana. Kisha akafanya vile vile kwenye jembe lake, akalima muhogo siku nne mfululizo, na sasa hawezi kufungua kifuniko cha chupa bila kiwiko kumuuma. Mpini ulinenepa mara mbili, lakini matokeo hayakufanana. Tuangalie kwa nini.

Misuli mikubwa inayofunga vidole haikai kwenye kiganja. Iko kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, na inavuta vidole kwa kano ndefu kama kamba. Shika mkono wako chini kidogo ya kiwiko, halafu kunja ngumi: utaisikia inatembea. Sasa, ukishika kitu chembamba, vidole vinazunguka vinakuwa kama ndoano, na kidole gumba kinalala juu yake kama komeo. Mzigo unaning'inia tu. Ukishika kitu kinene, vidole vinabaki wazi, gumba halifiki, na mzigo wenyewe unataka kuvifungua. Hapo inabidi ukamue tangu mwanzo mpaka mwisho. Ndiyo maana mpini mnene unakupunguzia kilo unazoweza kuinua, lakini vidole vinafanya kazi mingi zaidi.

Wanaume wa nguvu wa zamani walijua hilo. Mfaransa Louis Uni, aliyeitwa Apollon, alikuwa na magurudumu ya reli yaliyounganishwa na chuma chenye unene wa karibu milimita 49, yote pamoja karibu kilo 166. Mwingereza Thomas Inch alikuwa na chuma cha mkono mmoja cha karibu kilo 78, lakini mpini wake ulifika karibu milimita 60. Watu waliozoea kuinua zaidi ya hapo walikishindwa, juu mkono haukufunga. Linganisha na chuma cha mashindano ya Olimpiki: milimita 28 kwa wanaume, 25 kwa wanawake.

Kupima unene hakuhitaji chombo. Zungusha uzi kwenye mpini mara moja, pima ule uzi, gawanya kwa 3,14. Uzi wa sentimita 11 ni mpini wa milimita 35. Uzi wa sentimita 16 ni kama milimita 51.

Vifaa tuko navyo. Bidoni ya litri 20 iko na mkono mwembamba unaokata vidole. Ukitembea nayo unajenga uvumilivu. Ukiifunga vitambaa mpaka ikanenepa, mimi mwenyewe sifiki hata nusu ya mwendo wangu wa kawaida. Uzuri wake ni kwamba unapunguza au kuongeza maji unavyotaka, na ndiyo maana kwa mtu anayeanza naipenda kuliko vyote. Tiyo nene bila kitu juu yake ni ngumu kuliko tiyo yenye unene ule ule iliyofungwa mpira: chuma laini kinateleza na kujizungusha kiganjani, mpira unashika ngozi. Kwa hiyo mtu akikuambia ameinua mpini mnene, muulize kwanza ulikuwa na nini juu yake. Mti wa kutwangia nao ni mnene, lakini mwepesi. Mama zetu wanautumia tangu zamani bila kuita mazoezi. Centrale iko hapa kwetu na umeme wake unaenda mpaka Kalemie, lakini mazoezi haya hayaombi hata balbu.

Jembe ni habari ingine. Shambani hutafuti kuchoka, unatafuta kumaliza mistari yako na kesho urudi. Waliopima vyombo vya kazi wanaona mkono unakamua kwa nguvu zaidi mpini ukiwa kati ya milimita 30 na 40 hivi, na kipimo kizuri ni karibu sehemu moja ya tano ya urefu wa mkono, kutoka mkunjo wa kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati. Mkono wa sentimita 18 unataka kama milimita 36. Wa sentimita 16, kama 32. Mwembamba mno nao unageuka kiganjani na kubonyeza fasi moja. Mwaka fulani nilisaidia kugawa majembe ya mradi mmoja, mipini yote unene mmoja, mikubwa. Kesho yake mama mmoja alinionyesha malengelenge, halafu akakaa chini na kipande cha chupa akakwangua mpini wake mpaka gumba likafika juu ya vidole. Mimi na licence yangu nilikuwa sijafikiria.

Kwa nini tujali? Mwaka 2015 jarida la The Lancet lilitoa utafiti wa watu karibu 140.000 katika nchi 17: wenye mkono dhaifu wa kushika walikufa zaidi kuliko wenye mkono wenye nguvu. Hiyo haisemi kukamua tiyo kunaongeza miaka. Mkono unaonyesha hali ya mwili mzima, na kwa sisi tunaokula kwa jembe, ndio kazi yenyewe.

Anayetaka kujaribu: mara mbili kwa wiki, siku ambayo hukulima. Bidoni iliyofungwa vitambaa, maji nusu, hatua chache, pumzika, rudia mara tatu. Ongeza maji kabla ya kuongeza unene. Kiwiko kikianza kuuma kwa ndani, acha mpaka kipone, usikaze meno bule. Vidole vikikufa ganzi usiku, nenda centre de santé.

Yule kijana ametoa mpira kwenye jembe. Kwenye tiyo ameuacha, na bado anatucheka.