Ugumba, Tiba Yake na Ukuaji wa Mtoto Tumboni

Makala haya yanadhamiria kueleza uhusiano uliopo baina ya ugumba, tiba zake na ukuaji wa mtoto kabla ya kuzaliwa. Kwanza tuyatazame maneno yenyewe. "Tasa" aghalabu huambiwa mwanamke, naye "mgumba" hutajwa kana kwamba hali yake ni ya kudumu. Matabibu hawasemi hivyo. Kwao, ugumba ni kukosa kupata mimba baada ya miezi 12 ya kujamiiana bila kinga, na chanzo chaweza kuwa kwa mume, kwa mke au kwa wote wawili.

Louise Brown, mtu wa kwanza kuzaliwa kutokana na yai lililotungishwa nje ya mwili, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, akiwa na takriban kilo 2.6. Nairobi ilipata watoto wa kwanza wa njia hiyo mwaka wa 2006. Ilibainika mapema kwamba watoto hawa, kwa wastani, huwa wadogo kidogo. Sababu moja haina utata: viinitete kadhaa vilipandikizwa kwa pamoja, wakapatikana pacha, nao pacha hugawana mji mmoja wa mimba na aghalabu huzaliwa kabla ya wakati. Ndiyo maana mnamo 2003 Sweden iliagiza kwamba kwa kawaida kipandikizwe kiinitete kimoja tu.

Je, mtoto aliye peke yake tumboni? Hapa ndipo penye kiini cha suala. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka wa 2008 katika jarida la The Lancet uligundua kwamba watoto wa tiba walipungukiwa na gramu 25 wakilinganishwa na wengine. Lakini walipolinganishwa ndugu wa mama mmoja, huyu wa tiba na yule wa njia ya kawaida, tofauti ilishuka hadi gramu 9. Yamkini basi sehemu kubwa ya upungufu ilitokana na hali iliyowapeleka wazazi kwa daktari, wala si tiba waliyoipata huko.

Hata hivyo, tiba nayo ina mchango wake. Dawa za kuchochea ovari hupandisha homoni kupita kiwango cha kawaida, na huenda zikaathiri ukuta wa mji wa mimba ambamo kondo la nyuma hujishikiza. Kiinitete kikigandishwa na kupandikizwa baadaye, mambo hugeuka: mtoto huelekea kuwa mzito zaidi, naye mama hukabiliwa zaidi na hatari ya shinikizo la damu.

Mama anayejiuliza iwapo amemdhuru mwanawe kwa kutafuta tiba azipime gramu 25 hizo: ni kama nusu ya yai la kuku. Linalomfaa zaidi ni kumweleza mkunga, tangu ziara ya kwanza ya kliniki, jinsi mimba ilivyopatikana, ili shinikizo la damu na ukuaji wa mtoto vifuatiliwe ipasavyo.