Bendeksi Haitaki Grisi

"Fundi, niweke grisi gani kwenye bendeksi?" Wenye Land Rover za zamani wananiuliza, wenye Morris Minor wananiuliza, na siku hizi hata mafundi wenzangu. Jibu ni moja: hakuna. Si nyekundu, si ya bearing, si ile ya bei mbaya ya kwenye kikopo kidogo.

Mara nyingi anayeuliza ameshapaka, na sasa anatafuta nyingine kwa kuwa ile ya kwanza "haina nguvu". Kilichotokea ni hiki. Stata ya Lucas M418G, iliyo kwenye Land Rover Series II ya petroli, haina mkono wa kusukuma kigia chake kwenye flaiwili. Solenoidi imefungwa mbali na kazi yake ni kupitisha umeme tu. Amecha inapozunguka ghafla, kigia hubaki nyuma kwa uzito wake, na kule kubaki nyuma ndiko kunakokitembeza juu ya hesi ya shafti mpaka kikamate meno ya flaiwili. Injini ikiwaka, flaiwili hukizidi mbio na kukirudisha kwake. Basi. Kigia na hesi yake ndiyo bendeksi. Kigia kisipoteleza kwa wepesi, hakuna stata.

Sasa tazama kinapokaa: ndani ya chumba cha klachi, penye vumbi la klachi tangu gari lizaliwe. Vumbi hilo likikutana na grisi linakuwa kama ugali wa jana. Asubuhi ya baridi ya Njombe au Limuru unabonyeza, stata inalia wiii, injini imetulia tuli. Au kigia kinakwenda na hakirudi, kinang'ang'ania meno. Mwenye gari anaongeza grisi. Kuna wanaopaka oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, eti "imeshazoea chuma"! Na usiniambie gia zote hupakwa mafuta. Giaboksi imefungwa, hapa pako wazi kwa kila uchafu.

Nyundo nayo? Ukigonga stata ikaitika, jua brashi zimeisha au spring zimelegea, na mshtuko umezisogeza zikagusa. Umepata dalili, hujatibu kitu.

Kazi yenyewe si ndefu. Kigia kikinasa, ondoa kifuniko kidogo nyuma ya stata, shika ncha ya mraba ya shafti kwa spana uizungushe, kitaachia. Fungua stata, osha bendeksi kwa mafuta ya taa, kausha, rudisha kavu. Brashi zikikaribia milimita 8, badilisha. Bushi mpya ziloweke kwenye oili nyepesi ya injini saa 24 kabla ya kuzipiga mahali pake. Bushi ikilegea, amecha inakwaruza vyuma vinavyoshika koili na hapo utalipia kusuka. Komyuteta isugue kwa msasa laini wa mbao, si ule mweusi wa chuma, na mika iliyo kati ya shaba usiichimbe: hayo ni mambo ya dainamo. Kabla ya yote hayo pima ethi. Stata ikivuta ampea 200, ohmu 0.01 tu ya kutu inakula volti 2 kati ya 12 zako, na betri mpya haitakusaidia.

Angalia na meno ya flaiwili. Injini ya silinda nne huzoea kusimama sehemu mbili zilezile, na hapo ndipo meno huisha. Rini yenye meno hayo inaweza kupashwa moto, kutolewa na kurudishwa ikiwa imegeuzwa robo mzunguko.

Stata ikiwa imechoka kabisa, anayepeleka gari kwenye mashindano ya Concours d'Elegance pale Ngong atataka Lucas yake mwenyewe, isukwe. Anayeendea gari shambani anunue ile ya kisasa yenye gia ndani. Ni nyepesi na inazungusha injini haraka. Ila hesabu meno ya kigia cha zamani kabla hujalipa.