Watoto Wajifunze Kuhesabu Vyandarua

Watoto wetu shuleni hufundishwa kwamba malaria huenezwa na mbu na kwamba chandarua ni kinga. Huyaandika hayo daftarini, huyajibu vizuri katika mtihani, na usiku mdogo wao hulala nje ya chandarua. Sisi wauguzi ndio tunaompokea mdogo huyo wodini akiwa na degedege. Wengi wa wanaokufa kwa malaria barani Afrika ni watoto wa chini ya miaka 5.

Mwezi huu twapenda kuzungumza na walimu na wazazi juu ya njia inayolitoa somo daftarini na kulifikisha nyumbani, yaani watoto wafanye uchunguzi wao wenyewe. Njia hii imetumika tangu ulipoanzishwa Uingereza mpango wa Mtoto kwa Mtoto, wakati wa maandalizi ya Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, 1979. Watoto huelewa jambo, hulichunguza kwao, hupanga la kufanya, hulitenda, kisha hupima kama limefaa.

Kwanza, swali liwe zuri. Wakiuliza, "Je, mna chandarua?" karibu kila nyumba itajibu kwamba kipo, maana hakuna apendaye kuaibika. Lakini chandarua kilichokunjwa sandukuni hakimzuii mbu. Afadhali waulize hivi: Hapa wanalala watoto wangapi wa chini ya miaka 5? Wangapi kati yao walilala ndani ya chandarua usiku wa kuamkia leo? Kama wapo ambao hawakulala ndani, ni kwa sababu gani? Hata wataalamu wa takwimu za malaria huuliza juu ya usiku uliotangulia, kwa kuwa huo hukumbukwa vizuri.

Pili, waende wawili wawili, mchana, kwa majirani wanaofahamika, baada ya mwalimu kuwaarifu wazazi na viongozi wa kijiji. Wasalimie, waombe ruhusa, na anayekataa wamshukuru na kuondoka. Majina ya watu yasiandikwe, wala habari za nyumba ya mtu zisisimuliwe njiani.

Tatu, wahesabu. Kwa kila mtoto wachore kijiti kimoja. Vikifika 4, cha 5 kivikatize, ili kujumlisha kuwe rahisi. Darasani wapange mbegu za mahindi katika mistari miwili, mmoja wa waliolala ndani na mwingine wa waliolala nje. Hapo hata mtoto wa darasa la 3 ataona mstari upi ni mrefu.

Mwalimu awaonyeshe pia kwamba namba moja peke yake yaweza kudanganya. Tuseme kitongoji kimoja kina watoto 12 waliolala ndani kati ya 15, na kingine kina 12 kati ya 40. Namba ya kwanza ni ileile, lakini katika kitongoji cha pili watoto 28 wameachiwa mbu. Basi kila mara waulize: kati ya wangapi?

Nne, zile sababu ndizo zitakazoonyesha kazi ya kufanya. Ikiwa vyandarua vimetoboka, watoto wakubwa waweza kuvishona. Ikiwa havikutundikwa, wasaidie kutafuta kamba na misumari. Ikiwa havitoshi, mwalimu apeleke hesabu hiyo zahanati na kwa serikali ya kijiji. Kwa kawaida chandarua 1 hukadiriwa kwa watu 2.

Baada ya mwezi mmoja warudi katika nyumba zilezile na maswali yaleyale. Namba isipobadilika wasiifiche wala kuipamba ili kumfurahisha mwalimu, bali watafute kwa nini.

Nanyi wazazi, mtoto akija na daftari lake mlangoni, mjibuni kweli. Na mtoto mwenye homa, hata kama alilala ndani ya chandarua, apelekwe kupimwa siku hiyohiyo.