Bei ya Kisanduku Kilichofungwa: Wanasesere wa Watu Wazima katika Mizani ya Fiqhi

Tumeulizwa mara kadhaa, na wazazi wa hapa pwani na jamaa walioko Ghuba na Uingereza, kuhusu mwanasesere aitwaye Labubu, yule mwenye masikio ya sungura na meno yaliyochongoka. Wengi wa wanaouliza wamekwishajijibu: ni haramu kwa kuwa ni sanamu, au kwa kuwa ni sura ya shetani wa kale wa Iraki. Hili la shetani ni uvumi ulioenezwa mwaka 2025, nao hauna asili. Aliyemchora ni Kasing Lung, mzaliwa wa Hong Kong aliyelelewa Uholanzi, na alimtoa katika vitabu vyake vya picha mwaka 2015 kwa kuathiriwa na ngano za watu wa Ulaya ya Kaskazini.

Wanasesere wa namna hii hawakuanza naye. Mwaka 1999 msanii Michael Lau alionyesha huko Hong Kong wanasesere wa inchi 12, mfano wa wale askari wa plastiki aliowajua tangu utotoni, akawavisha nguo za vijana wa mitaani. Walionunua hawakuwa watoto. Walikuwa watu wenye mishahara, wakikitafuta kitu walichokiacha nyuma. Nasi hatuwacheki. Nani katika rika letu asiyelikumbuka gari lake la waya, au dada zetu na wanasesere wao wa matambara? Kuutamani utoto ni tabia ya mwanadamu, na fiqhi haikuja kuifuta.

Ama sanamu, wanavyuoni walilizungumza zamani. Imepokewa kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere wake nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), na miongoni mwao farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa, na Mtume akacheka alipoelezwa habari zake. Al-Mawardi (aliyefariki 450 H/1058) anasimulia katika kitabu chake cha hukumu za utawala kwamba Abu Said al-Istakhri, mwanachuoni wa Kishafii, alipopewa usimamizi wa masoko ya Baghdad zama za Khalifa al-Muqtadir, aliliacha soko la wanasesere liendelee, akitegemea habari hiyo ya Bibi Aisha. Lakini ruhusa hii imejengwa juu ya mtoto na malezi yake. Mtu wa miaka thelathini anayewapanga kabatini hawezi kuivaa bila ya mjadala, na mjadala huo si wa leo.

Cha leo ni namna anavyouzwa. Kampuni ya Pop Mart, iliyoanzishwa Beijing mwaka 2010 na kumchukua Labubu mwaka 2019, huwauza wengi wa wanasesere wake ndani ya visanduku vilivyofungwa. Mnunuzi anajua kwamba humo mna mmoja kati ya sita, au kati ya kumi na wawili, wala hajui yupi mpaka alipe na kufungua. Juu ya hao kuna mmoja wa siri. Katika fungu moja la Labubu lililotolewa mwaka 2023, kisanduku kiliuzwa China kwa yuan 99, na wa siri alipatikana katika kisanduku kimoja kati ya 72. Piga hesabu, ndugu msomaji: visanduku 72 ni yuan 7,128, na aliyevinunua vyote hivyo bado hana hakika kwamba atampata. Mbinu hii ina mtangulizi wake Japani, katika mashine zinazomezeshwa sarafu na kutoa kijidude ndani ya kopo dogo, tangu miaka ya 1960. Baada ya mwimbaji Lisa wa kundi la Blackpink kuonekana naye mwaka 2024, Labubu akawa wa kugombewa. Mwezi Mei 2025 mauzo yake yalisimamishwa kwa muda katika maduka ya Uingereza kwa sababu ya vurugu za wanunuzi, na mwezi uliofuata Labubu mmoja wa sentimita 131 alinadiwa Beijing kwa yuan 1,080,000.

Turudi kwenye fiqhi. Mtume (S.A.W.) amekataza bei ya gharari, na amekataza bei ya kijiwe. Imam an-Nawawi (aliyefariki 676 H/1277) ameifasiri hii ya pili kwa njia kadhaa. Mojawapo ni muuzaji kumwambia mteja kwamba atauziwa nguo yoyote ambayo kijiwe kitaiangukia. Kisanduku kilichofungwa kina tofauti gani na kijiwe hicho? Na katika Minhaji, kitabu kinachosomeshwa katika madrasa zetu, an-Nawawi ameeleza kwamba kuuza moja kati ya nguo mbili bila kuiainisha ni batili. Ikiwa mbili ni batili, kumi na wawili je? Mahanafi wameruhusu kuuza moja kati ya mbili au tatu, lakini kwa sharti kwamba mnunuzi ndiye achaguaye baada ya kuona. Hapa hachagui. Wapo wanaovitikisa visanduku dukani na kuvipima kwa mizani ili wakisie kilichomo, nasi tukakumbuka bei ya kugusa, ambayo nayo imekatazwa.

Atasema msemaji: gharari ndogo imesamehewa. Ni kweli. An-Nawawi amenukuu ijmai juu ya kufaa kuuza joho lililojazwa pamba ingawa pamba yake haionekani. Lakini mnunuzi wa joho anataka joho, na pamba inamfuata. Mwenye kisanduku anauziwa kule kutojua kwenyewe. Lau kisanduku kingekuwa na dirisha la kioo, mteja angemchukua mmoja amtakaye akaenda zake.

Atasema mwengine: na robota la mitumba? Hilo ni swali zuri, nalo linawahusu wengi wetu. Mfanyabiashara hununua robota bila kulifungua, lakini anajua aina ya nguo, daraja na uzito, na lililomo lote ataliuza. Gharari imo, na mwenye msimamo mkali katika madhehebu yetu hatairidhia, bali haja ya watu ipo. Katika kisanduku cha Labubu hatuioni haja hiyo.

Wachina wenyewe hawakuliacha jambo hili. Mwezi Juni 2023 mamlaka yao ya usimamizi wa soko ilitoa mwongozo unaozuia kuwauzia visanduku hivi watoto walio chini ya miaka minane, na kuwataka wauzaji watangaze uwezekano wa kila mwanasesere kupatikana. Kutangaza huko kunaondoa udanganyifu. Hakuondoi gharari, kwani mwenye kijiwe naye hakuficha kitu.

Aliyekwisha kufungua chake akamuuza mwanasesere anayeonekana, bei yake haina gharari hii, hata akipandisha thamani, maadamu hauzi wa bandia kwa jina la wa asili. Iliyobaki ni katoni nzima. Katika baadhi ya mafungu visanduku sita vya katoni moja huwa na wanasesere sita tofauti, basi anayenunua zote anajua anachonunua, isipokuwa wa siri huweza kushika nafasi ya mmoja wao. Mwenzetu mmoja katika darasa anasema hiyo ni kama pamba ya joho. Sisi tunasita, kwa kuwa huyo wa siri ndiye anayefanya wengi wainunue katoni.